Vimeza vya Mbao vya Kando ya Kitanda kwa Chumba Kidogo: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Dodoma

Kimeza kinanunuliwa, kinafungwa nyuma ya bodaboda, kinafika nyumbani, na hapo ndipo shida inapoanza. Droo inafunguka nusu tu kwa sababu imegonga kabati la nguo. Soketi imejificha nyuma na chaja haiingii. Ukiwa umelala unapapasa chini kutafuta simu, maana kimeza ni kifupi kuliko godoro. Kisha upepo wa Julai unakuja kukausha kila kitu, na uso wa kimeza unapasuka mstari mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo.

Malalamiko haya hujirudia kwa sababu mbili. Watu huchagua sura ya kimeza kabla ya kukipima chumba, halafu hununua mbao ambayo haijakauka vya kutosha kwa hewa ya hapa. Fuata hatua zilizo hapa chini kwa mpangilio wake. Ukiruka hatua ya 1 hadi ya 3 ukaenda moja kwa moja kwa fundi, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Tepu ya kupimia yenye inchi na sentimita.
- Kalamu na daftari. Usitegemee kichwa, utasahau ukifika sokoni.
- Boksi moja au mawili ya katoni, gundi ya karatasi au selotepu, na kisu.
- Chaki ya kuchorea sakafuni.
- Tochi ya simu ya kumulikia ndani ya droo na chini ya kimeza.
- Kipande cha chandarua kikuukuu au mtandio mwepesi. Kazi yake utaiona hatua ya 6.
- Mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, usio na tundu.

## Hatua ya 1: Pima upana pale kichwani, siyo katikati ya kitanda

Mtu akiulizwa kitanda chake kina upana gani, atajibu "tano kwa sita" na kuishia hapo. Hicho ni kipimo cha godoro. Futi 5 ni sentimita 152, lakini mbao za ubavuni zinaongeza, na ubao wa kichwani, hasa vile vilivyochongwa mabawa kama inavyopendwa sasa, unaongeza zaidi. Kitanda cha 5 kwa 6 kinaweza kufika sentimita 170 au 175 pale kichwani, na hapo ndipo kimeza kitakapokaa.

Chumba nacho kipime mwenyewe. Chumba kinachoitwa cha futi 10, ukutani kikishapigwa lipu na kuwekewa vigae, mara nyingi kinabaki na sentimita 300 au pungufu kidogo. Pima ukuta hadi ukuta chini kabisa, maana vigae vya pembeni mwa sakafu vinakula sentimita moja kila upande.

Tuchukue chumba cha sentimita 300 chenye kitanda ambacho ubao wake wa kichwani una 175. Zinabaki 125. Kitanda kikikaa katikati, kila upande unapata 62 hivi. Toa sentimita 5 kati ya kitanda na kimeza ili mkono upite unapochomeka chandarua chini ya godoro. Toa nyingine 2 upande wa ukutani. Una nafasi ya kimeza hadi 55, ingawa 40 hadi 45 inatosha.

Kwa kitanda cha 6 kwa 6, ubao wa kichwani unaweza kufika 205. Katika chumba hichohicho zinabaki 95, yaani 47 kila upande. Ukitoa nafasi za chandarua na ukuta unabaki na 40, na kimeza kisizidi 35 hadi 38.

Upana wa kimeza hauzibi njia ya kutembea kama watu wanavyodhani, kwa sababu kimeza kinakaa kwenye kona ya kichwani ambako hakuna anayepita. Kinachoziba njia ni kina, yaani umbali kutoka ukuta wa kichwani kuja miguuni. Kimeza chenye kina cha 35 na upana wa 45 kinakaa vizuri kuliko chenye kina cha 50 na upana wa 35, hasa kama mlango wa chumba au dirisha liko upande huo.

Utajua umefanikiwa: daftarini una namba tatu kwa kila upande, yaani upana uliobaki, kina kinachoruhusiwa, na umbali hadi kwenye kitu kilicho karibu zaidi (kabati, mlango au pazia).

## Hatua ya 2: Pima kimo cha godoro

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Vimeza vingi vya tayari hutengenezwa kwa kimo cha sentimita 45 hadi 50, ambacho kinafaa vitanda vya chini. Vitanda vya mbao vya mafundi wetu viko juu zaidi. Chaga zikiwa sentimita 40 kutoka sakafuni na godoro likiwa la inchi 8, sehemu ya kulalia iko 60. Ukibadilisha godoro ukachukua la inchi 10, umefika 65. Kimeza cha 45 kikiwa pembeni ya kitanda hicho unakuwa umejinunulia stuli.

Tandika kitanda kama unavyotandika kila siku. Weka rula au ubao ulionyooka juu ya godoro utokeze nje, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya ubao huo. Mtu asikae kitandani wakati unapima.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba uso wa kimeza ulingane na godoro, au uwe chini yake kwa sentimita 2 hadi 5. Vitabu vingi vya mapambo vinaruhusu kimeza kiwe juu kidogo ya godoro, lakini havimfikirii mtu anayelala ndani ya chandarua. Kimeza kikiwa juu, kila unapoinua chandarua usiku kinazoa glasi ya maji. Kikiwa chini kidogo, chandarua kinateleza juu ya vitu bila kuvikumba.

Kama unategemea kununua godoro nene zaidi ndani ya mwaka mmoja au miwili, pimia godoro lijalo, siyo la sasa.

Wakati bado una tepu mkononi, pima na soketi: kimo chake kutoka sakafuni, na iko upande upi wa kitanda. Plagi ya pini tatu iliyochomekwa inatokeza sentimita 4 hadi 5. Soketi ikiangukia nyuma ya kimeza, unahitaji kimeza kisicho na ubao wa nyuma, au utoboe tundu la waya. Ukiligundua hili baada ya kimeza kufika, utaishia kukisogeza mbele na kupoteza kina chote ulichokipigania.

Utajua umefanikiwa: una kimo kimoja, kwa mfano sentimita 57, siyo "kama hapa hivi" kwa kuonyesha goti.

## Hatua ya 3: Tengeneza kimeza cha boksi

Kata maboksi, yabandike mpaka yapate upana, kina na kimo ulivyoandika, kisha liweke boksi lako mahali pa kimeza na uliache hapo siku tatu au nne. Wenye nyumba watakucheka, waache.

Ndani ya siku hizo fanya haya:

Fungua mlango wa chumba mpaka mwisho, halafu milango ya kabati la nguo. Katika vyumba vya 10 kwa 10, kabati lenye kina cha sentimita 60 mara nyingi hukaa ubavuni mwa kitanda, kwa sababu miguuni hapatoshi. Mlango wake unahitaji sentimita 45 hadi 50 za kufungukia. Kama unagusa boksi, umeokoa fedha.

Chora kwa chaki sakafuni mbele ya boksi mahali droo itakapofika ikivutwa yote. Droo ya kina cha 30 inahitaji hizo 30 pamoja na nafasi yako wewe unayeivuta. Kama una stendi ya chandarua yenye nguzo kwenye pembe za kitanda, hakikisha nguzo haisimami mbele ya droo.

Lala, funga macho, nyoosha mkono kutafuta simu. Amka usiku uende maliwato bila kuwasha taa. Goti likigonga kona ya boksi, kona ya mbao utaigonga vilevile, ila kwa maumivu zaidi.

Utajua umefanikiwa: siku ya nne hakuna anayelalamikia boksi. Kama yapo malalamiko, punguza kina kwanza, kisha upana. Kimo usikiguse.

## Hatua ya 4: Amua idadi na umbo

Watu wengi huingia dukani wakijua wanataka viwili kwa sababu seti huuzwa viwili. Katika chumba cha 10 kwa 10 chenye kabati ubavuni, kimoja kizuri kinashinda viwili vilivyobanana. Kitanda kisogee upande mmoja, kibaki na sentimita 15 ukutani za kuchomekea chandarua, na njia yote iende upande wa pili pamoja na kimeza. Anayelala upande wa ukutani apewe rafu ndogo ya ubao iliyofungwa ukutani kwa mabano ya chuma, yenye kina cha sentimita 15 tu, kwa ajili ya simu na miwani.

Rafu hiyo ifungwe kwa skrubu na plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani zinazofaa. Ukuta wa matofali ya saruji unashika vizuri. Ukuta wa tofali za udongo wenye lipu nyembamba unamong'onyoka ukitobolewa ovyo, na kama wewe ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Kuhusu umbo, hoja kubwa hapa Dodoma ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba karibu hakuna mvua, upepo unavuma, na vumbi linapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Kimeza chenye rafu wazi tatu kinapendeza kwenye picha, ila utakifuta kila asubuhi. Chagua droo moja juu, na nafasi moja wazi chini kwa ajili ya vitabu au ndala. Miguu iwe na uwazi wa sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni ili ufagio na tambara la kudekia vipite. Kimeza kilichokaa sakafuni moja kwa moja kinakusanya vumbi nyuma, na mchwa wakipanda kutoka kwenye ufa wa sakafu huwezi kuwaona mpaka wamefika kwenye droo.

Miguu mirefu ina hatari yake. Vuta droo yote, kisha kandamiza ukingo wake wa mbele kwa kiganja. Kimeza kikiinuka nyuma, mtoto akishika hiyo droo kitamwangukia. Hapo unahitaji miguu iliyotanuka kidogo au droo fupi zaidi.

## Hatua ya 5: Chagua mbao, kisha hakikisha imekauka

Paini ndiyo utakayoikuta kwa wingi. Nyingi hutoka mashamba ya Mufindi mkoani Iringa, likiwemo la Sao Hill, ambalo ni shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Ni nyepesi, rahisi kufanyia kazi, bei yake inavumilika. Kwa kimeza kidogo inafaa kabisa, mradi imekauka na imetiwa dawa ya wadudu. Kasoro yake ni ulaini: ukucha unaacha alama.

Mninga, wa misitu ya miombo kama ya Tabora na Katavi, ni mbao ninayoipendekeza kwa anayemudu. Sababu siyo rangi yake ya kahawia yenye wekundu ambayo kila mtu anaisifu. Mninga unanywea kidogo sana ukikauka, na kwa mji wenye hewa kavu kama huu, sifa hiyo ni kubwa kuliko urembo. Angalia tu weupe wa pembeni ya mbao. Sehemu ile nyeupe inaliwa na bungua, wadudu wanaotoboa mbao, na kiini chekundu ndicho kinachodumu. Fundi akiacha weupe kwenye miguu, baada ya muda utaona unga mweupe sakafuni.

Mtiki nao ni mzuri, hautikisiki kwa hewa, na una mafuta yanayoufanya usiogope maji. Upo wa mashamba ya Mtibwa mkoani Morogoro na Longuza wilayani Muheza. Mkongo ni mgumu na mzito kupita mahitaji ya kimeza. Mkaratusi uache kwa kazi hii, kwa kuwa unapinda na kupasuka sana unapokauka.

Kama unanunua mbao mwenyewe badala ya kimeza kilichokamilika, dai risiti. Mbao za miti ya asili huvunwa na kusafirishwa kwa vibali vinavyosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na ukikutwa na mzigo usio na karatasi, wewe ndiye utakayeulizwa.

### Kwa nini ukavu ni jambo kubwa hapa

Mbao iliyopasuliwa Mafinga, kwenye baridi na ukungu, inafika Dodoma ikiwa bado na maji ndani. Hapa mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki hewa inavuta maji kutoka kwenye kila kitu, midomo yetu ikiwemo. Mbao ikipoteza maji inanywea kwa upana wake. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Uso wa kimeza wa paini wenye upana wa sentimita 40 unaweza kunywea milimita 3 au 4 ukitoka kwenye unyevu na kuingia kwenye ukavu. Kama fundi ameupigilia misumari na kuutia gundi pande zote, hauna pa kwenda, unapasuka.

Mbao ya fanicha inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi. Karakana kubwa zina kipima unyevu. Omba uonyeshwe, siyo utovu wa adabu. Kwa fundi wa kawaida, tumia njia hizi mbili.

*Mfuko.* Omba kipande cha mabaki kutoka kwenye mbao ileile itakayotengeneza kimeza chako. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, weka juani kwa muda wa saa mbili au tatu. Ukiona ukungu au matone ndani ya mfuko, hiyo mbao ni mbichi.

*Mzani.* Kipande hichohicho kipime kwenye mzani wa dukani, andika uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe, kisha kiweke juu ya kabati ndani ya nyumba kwa wiki mbili. Kipime tena. Kama kilikuwa gramu 500 na sasa ni 490, hapana shida. Kikishuka hadi 450, mwambie fundi asubiri. Njia hii inachelewesha kazi, na fundi atanung'unika. Ni bora anung'unike sasa kuliko wewe baadaye.

Kugonga mbao na kusikiliza mlio, au kuiweka shavuni kusikia ubaridi, ni uzoefu wa mtu aliyeshika mbao miaka mingi. Mnunuzi wa mara moja asiutegemee.

Onyo: usikubali kimeza kipakwe oili chafu ya gari chini au nyuma kwa kisingizio cha kufukuza mchwa. Harufu haitoki chumbani, na oili inachafua ukuta na mashuka. Mwombe fundi atumie dawa ya mbao inayouzwa kwa kazi hiyo, aipake kabla ya vanishi.

## Hatua ya 6: Kagua kimeza cha tayari

Ukikuta kimeza kilichokamilika kinacholingana na namba zako, usikitazame kwanza kwa mbele. Kigeuze miguu juu. Huko chini ndiko fundi asikokuwa na haja ya kudanganya.

Ni mbao gani kweli? Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii mninga tupu." Huenda ni kweli, huenda ni paini iliyopakwa rangi. Chomoa droo, mulika kwa tochi ubavu wake wa ndani na chini ya uso. Omba ruhusa ukwaruze kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Rangi ikibanduka na chini yake kuna unjano uliofifia wa paini, umepata jibu. Usikwaruze pembeni kabisa mwa ubao, kwa sababu mninga halisi nao una weupe pembeni na unaweza kumhukumu mtu bure. Uzito nao unasema, maana mninga ni mzito waziwazi kuliko paini.

Je, ni mbao au ni ubao wa unga uliogandishwa? Tazama ukingo na matundu ya skrubu. Kama mistari ya juu haiendelei kwenye ukingo, na ndani ya tundu kuna ungaunga, hiyo ni emdiefu au chipubodi iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Inaweza kukaa miaka kama haigusi maji. Lakini sisi tunadeki, na miguu yake huvimba kuanzia chini. Playwudi ni jambo jingine, na kwa sakafu ya droo ni chaguo zuri kuliko mbao nzima.

Viungo. Shika uso kwa mikono miwili, sukuma kulia na kushoto. Kisicheze hata kidogo. Miguu iliyoungwa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, pamoja na gundi, inashika. Iliyopigiliwa misumari pekee italegea.

Nyufa zilizofichwa. Fundi anaweza kuchanganya vumbi la mbao na gundi akaziba ufa. Ukimulika tochi kwa ubavu, karibu na uso, sehemu iliyozibwa inaonekana kama mstari usio na nyuzi za mbao. Tundu dogo la msumari lililozibwa si tatizo. Ufa uliozibwa kutoka ukingoni kwenda ndani ni tatizo, kwa kuwa utafunguka tena.

Ulaini. Chukua kile kipande cha chandarua au mtandio, kipitishe taratibu juu ya kingo zote, miguu na chini ya droo. Kikinasa popote, na chandarua chako kitanasa hapohapo na kutoboka. Kona kali zipigwe msasa mpaka ziwe mviringo kidogo. Hii ni kazi ya dakika kumi, mwombe aifanye kabla hujalipa.

Vijitundu vyenye unga mpya maana yake bungua wako hai ndani. Kiache, hata kama bei imeshuka, kwa sababu watahamia kwenye kitanda.

## Hatua ya 7: Kama unamwagiza fundi

Kosa la kwanza ni lugha ya vipimo. Wewe umeandika sentimita, fundi anafikiri kwa inchi, na katikati ya hapo kimeza kinazaliwa kikiwa na kimo cha ajabu. Geuza namba zako kwa kutumia tepu yenyewe: sentimita 40 ni kama inchi 16 kasoro robo, 57 ni inchi 22 na nusu kasoro kidogo. Mpe namba moja, kwa kipimo chake, iliyoandikwa. Kimo useme wazi kwamba kinajumuisha uso.

Mambo ya kuandika kwenye karatasi mnayokubaliana:

1. Aina ya mbao, na kwamba weupe usitumike kwenye miguu wala uso.
2. Upana, kina na kimo, pamoja na uwazi chini ya kimeza.
3. Uso ufungwe kwa skrubu kutoka chini, na matundu ya skrubu yawe marefu kidogo kuelekea upana wa ubao. Hii ndiyo inayouruhusu kunywea na kuvimba bila kupasuka. Mafundi wengi wanaifahamu, wanairuka kwa sababu hakuna anayeuliza.
4. Sakafu ya droo iwe playwudi ya milimita 4 hadi 6, iingie kwenye mfereji, isipigiliwe misumari kwa chini.
5. Uwazi wa milimita 2 kila upande wa droo kama kazi inafanyika kiangazi. Wakati wa mvua, milimita 1 inatosha.
6. Msasa namba 120 kisha 240, sendingi sila (mpako wa kwanza wa kuziba vinyweleo vya mbao), halafu vanishi mipako mitatu myembamba, na msasa mwepesi kati ya mpako na mpako.
7. Nyayo za miguu nazo zipakwe vanishi.

Namba 7 inapuuzwa na karibu kila mtu. Mbao inanyonya maji kwa haraka zaidi kupitia mwisho wake uliokatwa, na nyayo ndizo zinazokutana na maji ya kudekia. Baadaye ongeza vifuniko vya mpira au plastiki.

Usimpe fedha yote mwanzoni. Toa advansi ya kununulia mbao, nyingine utoe ukiona kimeza kimeungwa lakini hakijapakwa vanishi. Nenda siku hiyo. Kabla ya vanishi kila ufa, kila kiungo na kila kipande cheupe kinaonekana, na kurekebisha ni rahisi. Ukisubiri upigiwe simu kwamba "tayari, njoo uchukue", utakuta kinang'aa na hutaona kitu.

Mwombe apake vanishi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, au ndani ya chumba kilichofungwa. Vanishi iliyopakwa saa saba mchana kando ya barabara ya vumbi inatoka na chenga ambazo hakuna msasa utakaozitoa bila kurudia kazi.

## Hatua ya 8: Kusafirisha na kukiweka

Kwa vimeza viwili bajaji inatosha, na kwa mzigo mkubwa zaidi tafuta guta au kirikuu. Chomoa droo usafirishe pembeni. Funga kingo kwa blanketi au maboksi yako ya hatua ya 3, ambayo hayana kazi tena.

Kimeza chenye vanishi mbichi kisilale chumbani. Kiweke sebuleni au barazani penye kivuli, droo ikiwa wazi, kwa wiki nzima au mpaka ukinusa ndani ya droo usikie mbao badala ya vanishi. Ukikiingiza mapema utaamka na kichwa kinauma.

Ukikiweka, acha sentimita 2 ukutani na 5 kitandani. Sakafu isiponyooka, weka kipande cha mpira chini ya mguu unaoning'inia, usikate miguu mitatu iliyobaki. Kama dirisha liko karibu na jua la mchana linaingia, vuta pazia, kwa kuwa jua linapausha vanishi na kukausha upande mmoja kuliko mwingine.

Onyo la moto: umeme ukikatika, usiweke mshumaa, kibatari wala dawa ya mbu ya kuwasha juu ya kimeza kilicho sentimita 5 kutoka kwenye chandarua. Chandarua kinashika moto haraka na kinamfunika mtu aliyelala. Tumia taa ya kuchaji, na dawa ya mbu iwake sakafuni mbali na kitanda, kabla ya kulala.

Utajua umefanikiwa: droo inavutwa kwa kidole kimoja, milango yote ya chumba inafunguka mpaka mwisho, chaja inaingia bila kusogeza kitu, na mkono unafika kwenye glasi bila bega kuinuka kwenye mto.

Mvua za Januari na Februari zikishika, droo iliyokuwa nyepesi inaweza kuanza kukaza. Usikimbilie kumwita fundi aje na randa. Mbao imevimba kwa muda tu. Paka sabuni kavu ya mche au kipande cha mshumaa kwenye sehemu zinazosuguana na uendelee kuitumia. Subiri hadi Juni: kama bado inakaza hewa ikiwa kavu, hapo ndipo ipigwe randa. Ikipunguzwa Februari, ikifika Agosti itakuwa inacheza ndani ya tundu lake, na mbao iliyokwisha kukatwa hairudishwi.